Kiti cha Pweza au Samaki Nyota? Juu ya Kutaja na Kutambua Viumbe wa Miamba ya Tanga

Utangulizi

Mtu ashukapo pwani ya Tanga wakati wa bamvua, maji yakiisha kupwa, huwakuta kina mama wakichokoa pweza katika mapango ya mwamba na watoto wakiokota kome. Hapo hapo, juu ya mchanga na katikati ya nyasi za baharini, hulala kiumbe mwenye mikono mitano, mgumu wa mgongo, asiyeshtuka wala kukimbia. Akiulizwa jina lake, mtoto wa pwani hujibu bila kusita: kiti cha pweza. Lakini katika vitabu vilivyotafsiriwa kiumbe huyo huyo huweza kuitwa samaki nyota, na katika ripoti za kiofisi huandikwa pengine nyota ya bahari.

Katika mazungumzo ya kila siku majina matatu kwa kiumbe mmoja hayamdhuru mtu. Katika kazi ya istilahi yana gharama, na katika makala hii tunakusudia kuionyesha gharama hiyo. Tutaeleza kwanza kwa nini jambo hili lina uzito kwa watu wa pwani ya kaskazini. Kisha tutayapima majina yaliyopo. Halafu tutaonyesha namna mzamiaji awezavyo kumtambua kila mmoja wa viumbe hawa chini ya maji. Na mwisho tutapendekeza istilahi pamoja na upatanisho wake wa kisarufi. Tunawaandikia hasa wafasiri, walimu na watumishi wa umma, ambao kalamu zao ndizo zinazoamua ni jina gani litakaloishi.

Uzito wa jambo hili

Miongoni mwa viumbe tunaowazungumzia yumo mmoja alaye matumbawe. Ana mikono mingi, aghalabu kati ya 8 na 21, na mgongo uliojaa miiba mirefu yenye sumu. Humfunika tumbawe, hutoa tumbo lake nje kupitia kinywani, humyeyusha na kumfyonza, kisha huondoka akiacha kovu jeupe. Akiwa peke yake hasara yake ni ndogo, na mwamba huponya kovu lake. Wakizuka kwa wingi, kama ilivyoonekana katika mwamba mkubwa wa Australia tangu miaka ya 1960, huweza kuacha sehemu kubwa ya mwamba ikiwa mifupa mitupu. Mwamba ukifa, samaki huhama, na chombo cha mvuvi hurudi kitupu.

Wananchi wa Tanga hawakungoja wageni wawalindie miamba yao. Mwaka 1994 ulianzishwa mkoani humo mpango wa kuhifadhi na kuendeleza ukanda wa pwani, kwa msaada wa Serikali ya Ireland na shirika la IUCN, na wanavijiji walifundishwa kuichunguza miamba yao wenyewe, kuhesabu samaki na viumbe wengine, na kuandika waliyoyaona. Kazi ya namna hiyo husimama juu ya majina. Tuseme wazamiaji wawili wamekwenda kwenye mwamba mmoja, mmoja akaandika "samaki nyota 14" na mwenziwe "viti vya pweza 9". Karani aliye ofisini, ambaye huenda hajawahi kuliona jahazi sembuse mwamba, ataiweka hesabu ya kwanza katika safu ya samaki na ya pili katika safu ya viumbe wengine. Hesabu zote mbili zitakuwa zimeharibika, na hakuna hata mmoja kati ya watu watatu hao aliyekuwa mvivu au mwongo.

Tuchukue mfano mwingine ulio mzito zaidi. Afisa uvuvi, ambaye wengi bado humwita bwana samaki, ameona kwamba walaji wa matumbawe wamezidi, naye akabandika tangazo lisemalo: "Viti vya pweza wote waondolewe mwambani." Wavuvi watiifu watatoa kila chenye mikono mitano na zaidi, pamoja na wale wekundu wa kwenye nyasi ambao hawakukusudiwa. Endapo ataandika "taji la miiba liondolewe", jina lililofasiriwa neno kwa neno kutoka lugha ya kigeni, msomaji wa tangazo atakumbuka habari za mateso ya Yesu katika Injili kabla hajamkumbuka mdudu yeyote wa baharini. Tangazo la kwanza linataja wengi mno, na la pili halitaji mtu amjuaye.

Majina yaliyopo

Samaki nyota. Jina hili limeundwa kwa kufuata la kigeni kipande kwa kipande. Kiumbe huyu si samaki: hana uti wa mgongo, hana matamvua, hana mapezi. Yamkini mtu atauliza: mbona tunasema jongoo bahari, naye si jongoo? Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba hakuna mwanafunzi atakayedhani jongoo wa shambani ameshuka baharini. Tofauti ya makazi humlinda asipotee. Lakini samaki huishi majini, na kiumbe huyu huishi majini. Basi jina humsukuma mwanafunzi moja kwa moja kwenye kosa ambalo mwalimu atalazimika kulifuta. Hata wasemaji wa lugha lilikotoka jina hilo, hasa katika majumba ya makumbusho na mafunzo ya sayansi, wengi wamekwisha anza kuliacha neno "samaki". Haifai sisi tupokee kosa wakati wenyewe wanalitupa.

Nyota ya bahari. Jina hili ni zuri, nalo humsaidia mtoto wa Dodoma au Sumbawanga ambaye hajaiona bahari, kwa kuwa humpa umbo. Hata hivyo lina vikwazo viwili. Kwanza, limekwisha chukuliwa: Wakatoliki humwita hivyo Bikira Maria katika sala. Pili, nyota huhesabiwa katika ngeli ya vitu, nasi tunataka jina la kiumbe mwenye uhai. Faida yake ya kuonyesha umbo twaweza kuipata katika maelezo, kwa kusema "kiumbe wa baharini mwenye umbo la nyota", bila ya kuligeuza kuwa jina.

Kiti cha pweza. Jina hili ni la wenyeji, limo vinywani mwa watu wa pwani, na kamusi zimelihifadhi. Ni jina la taswira: halidai kwamba kiumbe huyu ni jamaa wa pweza, bali humchora akiwa kama kigoda alichoachiwa pweza akikalie. Kanuni inayojulikana katika kazi ya istilahi ni kwamba tukope pale tu ambapo hatuna letu. Hapa Tanga penyewe tunao mfano wa kukopa kulikokuwa na sababu. Samaki yule wa kale ambaye wavuvi wa Tanga walianza kumnasa kwa wingi tangu miaka ya 2003 na 2004 hakuwa na jina lililozoeleka, kwa hiyo akaitwa silikanti, na hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2009 ikachukua jina lake. Kiti cha pweza hakuwa na upungufu huo. Kwa sababu hizo tunapendekeza kiti cha pweza liwe jina la jumla la kundi zima.

Inabaki hoja moja ya kweli: wenyeji wana jina moja kwa wote. Jambo hili si la kushangaza. Tazama jongoo bahari, ambaye ana soko. Wachuuzi na wazamiaji humtenga jongoo mchanga na pauni na wengineo, kwa kuwa bei zao si sawa. Kiti cha pweza hana bei ya namna hiyo, ila kwa wachache wanaowakausha na kuwauzia watalii kuwa mapambo; kwa hiyo hapakuwa na haja ya kumgawanya. Sasa haja imekuja, nayo ni haja ya kuulinda mwamba.

Sehemu za mwili

Kabla ya kutofautisha hatuna budi kukubaliana juu ya sehemu. Katika maandiko mbalimbali viungo virefu vya kiumbe huyu huitwa miguu, mikono, ncha au matawi. Tunapendekeza mkono, kwa sababu neno mguu linahitajika mahali pengine: chini ya kila mkono kuna mfereji, na ndani ya mfereji huo mna mamia ya vijirija laini ambavyo kiumbe huvitumia kutembelea na kushikia. Hivyo tuviite miguu mirija. Sehemu ya katikati inayounganisha mikono tuiite kisahani. Kinywa kiko chini ya kisahani, wala si juu. Juu ya mgongo, kando kidogo ya katikati, kuna kibamba kidogo ambacho maji hupitia kuingia mwilini; hicho tukiite kichujio.

Mgongoni kuna mambo matatu ambayo ni lazima yasichanganywe. Mwiba ni mrefu na una ncha ya kuchoma. Nundu ni uvimbe mgumu, mnene, usiochoma ukiguswa taratibu. Punje ni chembe ndogo ndogo zinazofanya ngozi iwe na ukwaruzo. Mfasiri anayeandika "miiba" mahali pa nundu humgeuza kiumbe asiye na madhara kuwa adui.

Kutambua chini ya maji

Vitabu vingi vya kutambulisha viumbe hawa vimeandikwa kwa ajili ya wazamiaji wa bahari za baridi, kama vile Uingereza na pwani ya magharibi ya Marekani. Mfasiri awe na hadhari navyo. Maji ya Tanga hata wakati wa kusi, yanapopoa, hubaki karibu na nyuzi 25 za Selsiasi, na wakaao humo si wale wa kule. Kwa mfano, katika maji ya baridi ya kaskazini mwa Pasifiki yuko kiti cha pweza mkubwa mwenye mikono hadi 24, Pycnopodia helianthoides, ambaye hana sumu wala hali matumbawe. Anakula viumbe wengine wenye miiba na hivyo huilinda misitu ya mwani. Tangu mwaka 2013 ameangamia kwa maradhi katika sehemu kubwa ya makazi yake, na watu wa huko wanafanya bidii kumrudisha. Mwalimu wa Pangani akifasiri kwamba "wenye mikono mingi walindwe", au mwenziwe wa huko akifasiri kwamba "wenye mikono mingi waondolewe", wote wawili watakuwa wametenda kosa kwa kufuata kitabu. Idadi ya mikono peke yake haitoshi. Mahali na miiba viangaliwe pia.

Hadhari ya pili ni rangi. Maji humeza wekundu kwanza. Mzamiaji anaposhuka, kabla hajafika mita 10, kilichokuwa chekundu juu huonekana cha kijivu au kahawia, mpaka akimulike kwa tochi. Zaidi ya hayo, spishi moja huweza kuwa na rangi kadha. Kwa hiyo jina lililojengwa juu ya rangi humsaidia aliye ufukoni na kumwangusha aliye mwambani. Majina tunayopendekeza yamejengwa juu ya umbo.

Wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari, ndio bora kwa kazi hii. Wakati wa masika mito ya Pangani, Zigi na Umba hushusha tope, na mzamiaji huweza asikione kidole chake. Basi mzamiaji aliye na kibao na penseli ajiulize maswali yafuatayo kwa utaratibu:

1. Je, mikono ni zaidi ya saba, na mgongo umejaa miiba mirefu yenye ncha? Huyo ni kiti cha pweza miiba. La sivyo, aendelee.

2. Je, mikono karibu haionekani, na mwili umevimba kama takia lenye pembe tano butu? Huyo ni kiti cha pweza takia. La sivyo, aendelee.

3. Je, mikono mitano ni minene, na mgongoni kuna nundu kubwa zilizosimama? Huyo ni kiti cha pweza nundu. La sivyo, aendelee.

4. Je, kisahani ni kidogo, na mikono ni mirefu ya mviringo kama vidole? Huyo ni kiti cha pweza vidole. La sivyo, aendelee.

5. Je, mwili ni bapa, umejizika mchangani, na ukingo wa mikono una miiba midogo iliyopangwa kama meno ya kitana? Huyo ni kiti cha pweza kitana.

Ikiwa jibu ni la katika maswali yote, mzamiaji aandike "kiti cha pweza" basi, na kando yake aeleze aliyoyaona. Jina la jumla lililo sahihi lina thamani kuliko jina mahususi la kubahatisha. Akumbuke pia kwamba kiti cha pweza miiba aliye mchanga sana huanza na mikono mitano, kisha huongezewa mingine kadiri akuavyo, naye hujificha mchana.

Kovu nalo lina istilahi yake. Tumbawe jeupe si lazima liwe limeliwa. Mwaka 1998 joto la bahari liliyafanya matumbawe mengi ya magharibi ya Bahari ya Hindi yawe meupe. Hali hiyo tuiite kupauka. Tumbawe lililopauka bado lina nyama yake hai, ila imepoteza rangi, nalo laweza kupona joto likipungua. Tumbawe lililoliwa ni mfupa mtupu, nalo tuliite kovu la kuliwa. Ripoti isemayo tu kwamba "matumbawe yamekuwa meupe" haimwambii msomaji kama adui ni jua au ni mlaji.

Istilahi zinazopendekezwa

Kiti cha pweza miiba: alaye matumbawe, mwenye mikono mingi na miiba yenye sumu. Vitabu vingi humwita Acanthaster planci. Lakini tangu mwaka 2008 imebainika kwamba jina hilo lilikuwa limewafunika spishi zaidi ya mmoja, na yule wa sehemu zetu sasa huitwa Acanthaster mauritiensis. Msomaji aone kwamba hata jina la Kilatini huhama. Jina letu lililo juu ya umbo halikutikisika. Achomwaye atoe miiba, atie mahali palipochomwa katika maji ya moto kadiri awezavyo kustahimili bila kuungua, kisha aende zahanati.

Kiti cha pweza takia: Culcita schmideliana. Naye hula matumbawe, lakini kwa kiasi kidogo. Tumeliacha neno mto, ingawa lina maana ya kitu cha kulalia, kwa kuwa msomaji angedhani kiumbe huyu huishi mtoni.

Kiti cha pweza nundu: Protoreaster linckii. Ndiye anayeonekana mara nyingi kwenye nyasi za baharini na mchanga wa maji mafupi, mwenye nundu nyekundu juu ya mwili wa kijivu. Huyu ndiye hukaushwa na kuuzwa, na ndiye angeonewa na lile tangazo tulilolitaja.

Kiti cha pweza vidole: jina la Linckia laevigata, ambaye mara nyingi ni wa buluu, na jamaa zake. Baadhi yao huweza kuotesha mwili mzima kutokana na mkono mmoja uliokatika.

Kiti cha pweza kitana: jamii ya Astropecten, wakaao mchangani.

Habari ya kuota upya inatupa onyo moja kwa wanaofasiri maagizo. Viumbe wa kundi hili huweza kurudisha sehemu zilizopotea. Kwa hiyo agizo la kumkatakata kiti cha pweza miiba majini si la kuaminika. Njia mbili zinazotumika ni kumdunga dawa, au kumtoa mzima kwa fimbo au koleo na kumfukia nchi kavu. Mfasiri asiandike "waangamizwe" akadhani amemaliza. Aseme kwa namna gani.

Upatanisho wa kisarufi

Hapa ndipo waandishi wengi husitasita. Je, tuseme kiti cha pweza kimekufa, au amekufa? Kanuni ya Kiswahili Sanifu ni kwamba mnyama huchukua upatanisho wa viumbe hai, hata umbo la jina lake likiwa la ngeli nyingine: kifaru amelala, kiboko amezama, vyura wanalia. Kwa hiyo: kiti cha pweza amekufa, viti vya pweza wawili wameonekana. Neno "cha" lililo ndani halibadiliki, kwa kuwa ni sehemu ya jina lenyewe. Hatusemi "kiti wa pweza".

Swali la pili ni la kivumishi. Tukisema kiti cha pweza mwekundu, msomaji hawezi kujua ni nani aliye mwekundu, kiti au pweza. Tukisema kiti cha pweza mwenye miiba, tumemzulia pweza miiba asiyokuwa nayo. Hiyo ndiyo sababu tumeongeza nomino tupu mwishoni: miiba, takia, nundu, vidole, kitana. Utata umeondoka, na mzamiaji aliye chini ya maji, ambaye hewa ya mtungi wake ina kikomo, anaweza kuandika neno hilo la mwisho peke yake na kueleweka.

Hitimisho

Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967 lilipewa, miongoni mwa kazi zake, kuhimiza matumizi ya Kiswahili katika shughuli za serikali na za umma. Tangazo la bwana samaki ni shughuli ya umma, na kibao cha mzamiaji wa kijijini ni hati ya umma. Istilahi tulizozitoa hapa ni mapendekezo. Zinangoja kupimwa na wavuvi, wachokoa pweza, walimu wa sayansi na wataalamu wa bahari, toka Moa hata Pangani. Ikiwa kijiji fulani kina jina lake kwa yule mwenye miiba, tungependa kulipokea, na tuko tayari kuliacha letu. Tunachoomba kwa sasa ni kitu kidogo: kila aandikaye juu ya kiumbe huyu amwite kiti cha pweza, na kila atoaye amri juu yake aseme ni kiti cha pweza yupi.